Kweli, Uongo na Magunia Mawili ya Mtama

Benchi letu liko pembeni mwa soko la Bagamoyo, pale ukuta wa duka la vitambaa unapokata kona. Ni la watu wanne, lakini mkibanana mtakaa sita pamoja na ugomvi wenu. Kahawa ni ya Rehani, mtu wa maneno machache, anayefika na dele lake na makaa yake kabla jua halijapanda. Mwisho wa benchi hukaa Bwanausi, tunamwita Mahakama, kwa kuwa alikuwa tarishi wa korti miaka kumi na mmoja, akipeleka samansi ambazo mwenyewe hawezi kuzisoma. Ubavuni kwake yuko Mwinyijuma, jina lake Reli, aliyefanya kazi stesheni ya Dar es Salaam miezi sita tu, akarudi na hadithi za miaka sitini. Wa tatu ni Majaliwa, Mnyamwezi wetu, jina lake Pagazi, kwa ajili ya babu yake aliyeingia mji huu na pembe ya ndovu begani; yeye mwenyewe hajapata kubeba kitu kizito kuliko kikombe. Wa nne ni mimi, Mrisho, naitwa Sindano kwa kuwa nashona kofia, na kwa kuwa nikichoshwa na upuuzi huchoma. Alhamisi ile ya mwaka hamsini na tatu nilikuwa nimeshachoka tangu kikombe cha kwanza.

Kisa kilikuwa karatasi. Ilitoka chuo cha ualimu kule mbele ya Lugoba, anakosoma Muhidini, mwana wa Zaina. Kijana huyo anakimbia maili moja kisha anakuja kukuamkia kama aliyetoka kulala. Jumamosi vyuo vyote vilikuwa vinakutana Dar es Salaam, na atakayeshinda maili apelekwe Nairobi kushindana na wenzake wa Kenya na Uganda. Jina la Muhidini lilikuwa la kwanza kwenye orodha ya chuo chake. Sasa lilikuwa limekatwa kwa wino mwekundu, na aliyelikatisha alikuwa Pagazi huyu huyu aliyekuwa ananipiga kiwiko akitafuta nafasi ya kuweka kikombe.

Nieleze vizuri, maana asiye wa huku atadhani tuna wazimu. Majaliwa ni Mnyamwezi, Zaina ni Mzaramo, na hao ni watani tangu enzi za misafara. Mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele ya mkweo. Wewe huna ruhusa ya kununa wala ya kukana, ukikana umeshindwa. Dawa ni moja tu, kuongeza chumvi. Mwezi uliotangulia chuo kilialika wazazi waje kutazama michezo, nasi tukapanda lori sote wanne na Zaina, wazazi watano wa mtoto mmoja. Muhidini akawaacha wenzake robo ya uwanja. Majaliwa akainuka, akamwendea mwalimu wa michezo, Mzungu mgeni ambaye wanafunzi humwita Bwana Filimbi, akapaza sauti kama yuko mnadani.

"Bwana! Huyu si mwanafunzi, huyu ni pagazi wangu! Nilimnunua kwa mama yake kwa magunia mawili ya mtama, na kila akikimbia mimi ndiye ninayemlipa. Hicho kikombe nipeni mimi!"

Bwana Filimbi alijifunza Kiswahili kitabuni, kwa hiyo anajua kila neno ila hajui linasemwa kwa nini. Akauliza, ni kweli? Majaliwa akajibu, kweli tupu, muulize mama yake. Mzungu akamgeukia Zaina. Zaina angekana, angeuaibisha ukoo mzima wa Kizaramo. Akasema, "Kweli, bwana, tena kanipunja. Gunia moja lilikuwa fukusi watupu." Uwanja mzima ulicheka isipokuwa mtu mmoja, na huyo ndiye aliyekuwa na kalamu.

Sasa turudi benchini. Ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi. Mahakama ameishika karatasi kwa mikono miwili, uso ameukunja.

Mahakama: Kanuni hizi nzito, jamani. Nauona uzito wake hata kwa mkono.

Mimi: Umeishika kichwa chini.

Mahakama: Sheria husomwa pande zote, Sindano. Ndiyo maana wewe hukupata kazi kortini.

Nikamnyang'anya. Juu yake paliandikwa kwa herufi kubwa: Kanuni za Michezo ya Vyuo, Zilizofafanuliwa na Kurahisishwa. Zamani zilikuwa kurasa tatu za Kizungu. Watu wakalalamika kuwa hazieleweki, kikaundwa kikao cha kuzirahisisha, na sasa zilikuwa kurasa kumi na nne za Kiswahili.

Reli: Isome tena ile ya nne.

Mimi: "Mkimbiaji asiwe mtu aliyepokea ujira kwa ajili ya kukimbia. Ufafanuzi: ujira ni malipo. Ufafanuzi wa ufafanuzi: malipo ni pamoja na nafaka, mifugo, mavazi, na ahadi ya vitu hivyo, akipewa yeye mwenyewe au jamaa yake."

Reli: Mtama ni nafaka?

Mahakama: Hapo ndipo penye kesi.

Pagazi: Kesi gani? Mimi mtama nimeutoa wapi? Tangu lini mmeniona na gunia, hata tupu?

Mimi: Hayo hayo ndiyo ukayaseme kwa Bwana Filimbi.

Pagazi: Kwake siyasemi.

Mimi: Kwa nini?

Pagazi: Nimeshasema siyasemi. Rehani, tia kahawa.

Nyuma ya zile kurasa kumi na nne ilibandikwa fomu. Ilikuwa fupi, na nakiri ilikuwa nyepesi kuliko vyote walivyoandika. "Mimi fulani nilisema kwamba mwanafunzi fulani amelipwa. Maneno yangu yalikuwa," halafu vyumba viwili vidogo, kimoja KWELI, kingine UONGO. Weka alama kwenye chumba kimoja, tia sahihi au dole gumba. Fomu ifike chuoni Alhamisi kabla ya adhuhuri, ama sivyo jina la mwanafunzi halirudi. Lori la barua lilikuwa limeshasimama mbele ya posta, na huondoka saa nne kamili.

Reli: Mbona rahisi? Mwambie Mzungu ulikuwa utani.

Mimi: Juma lililopita nilimwandikia hivyo hivyo, kwa mkono wangu.

Reli: Akajibu nini?

Mimi: Ameshukuru sana kwa barua. Amesema ametazama katika kamusi, utani maana yake mzaha, na katika kanuni mzaha haukutajwa. Anaomba tumsaidie: mzaha huo ulikuwa wa kweli au wa uongo?

Mahakama: Ana hoja.

Mimi: Hoja ipi?

Mahakama: Maneno duniani ni ya namna tatu: kweli, uongo na utani. Karatasi ina vyumba viwili. Kwa hiyo kosa ni la fundi aliyechora nyumba. Dawa yake tuchore chumba cha tatu, hapa pembeni, tuandike UTANI, Pagazi atie dole humo. Maana wahenga wamesema, mgeni njoo mwenyeji apone.

Reli: Methali hiyo inahusu nini hapa?

Mahakama: Inahusu chumba.

Pagazi: Chora basi, nitie dole.

Mimi: Ukurasa wa kumi na mbili: "Fomu iliyoongezwa, kupunguzwa au kuchorwa chochote itatupwa."

Mahakama: Wameshatuona tunakuja.

Rehani akapita na kashata, kila mtu akachukua kipande, isipokuwa Majaliwa. Hilo nililiona, maana Majaliwa hajapata kukataa kashata tangu tuwe marafiki.

Reli: Nyie hamjui tu. Mimi nilipokuwa Dar...

Mimi: Miezi sita.

Reli: ...nilipokuwa Dar, niliyajua haya. Kuna chuo kimoja cha bara, sikitaji jina. Wana mkimbiaji huko ana umri wa miaka thelathini na mitano. Ana wake wawili, na mwanawe mkubwa yuko naye darasa moja. Anamwazima babake kifutio! Sasa huyo mtu anamwogopa nani katika Tanganyika hii? Muhidini. Ndiyo maana kanuni ya nne ikarahisishwa. Ukiona vyaelea vimeundwa. Kanuni hizi zimeundwa, ndiyo maana zinaelea.

Mimi: Umemwona huyo mwenye wake wawili?

Reli: Sijamwona. Nilimwona mtu aliyemwona.

Mahakama: Huo ni ushahidi wa kusikia. Korti ya liwali tungekufukuza.

Reli: Korti ya liwali ulikuwa unakaa nje!

Mahakama: Nje ndiko kunakosikika vizuri.

Pagazi akacheka kidogo, kisha akakumbuka, akaacha. Saa tatu ilishapita. Mimi nilikuwa nimeweka kalamu na kidau cha wino juu ya benchi tangu nilipofika, nikidhani ni kazi ya dakika moja.

Reli: Hebu nikuulizeni. Chuoni wanalala kwa malipo?

Mimi: Wanalala bure.

Reli: Chakula?

Mimi: Ugali na maharage, na wali siku moja moja. Serikali inatoa.

Reli: Na zile kaptula nyeupe za kukimbilia?

Mimi: Serikali.

Reli: Haya! Nafaka ipo. Mavazi yapo. Basi wote hao wamelipwa! Kwa kanuni ya nne hakuna mwanafunzi hata mmoja mwenye ruhusa ya kukimbia.

Mahakama: Subiri. Maharage si nafaka, maharage ni mbegu.

Reli: Maharage ni malipo, ukitaka usitake.

Mahakama: Basi wakimbie walimu.

Reli: Walimu wana mshahara.

Mahakama: Wafungwa.

Reli: Wafungwa wanalishwa, tena wana blanketi.

Mahakama: Basi wake zetu. Hao wanakimbia kutwa, kisimani, shambani, jikoni, na hakuna aliyewalipa chochote.

Reli: Wanavikwa kanga. Mavazi yametajwa.

Mahakama: Mimi wangu sijamvika kanga tangu Idi ya mwaka juzi.

Reli: Basi mkeo ndiye mkimbiaji halali peke yake kutoka hapa mpaka Kigoma. Mpelekeni Nairobi.

Walicheka mpaka Mahakama akamwagikiwa na kahawa. Mimi sikucheka. Nilikuwa nawaza yule kijana amekaa kitandani chuoni, kaptula yake nyeupe imekunjwa, na hatima yake iko mikononi mwa watu hawa watatu na wa nne asiyeshika ila sindano. Nilikasirika, nasema kweli. Nikaisukuma fomu mbele ya Majaliwa.

Mimi: Pagazi, yaache hayo. Hapa pana chumba kimeandikwa UONGO. Weka dole hapo, lori liondoke, mtoto akimbie. Ulisema uongo au hukusema?

Pagazi: Sikusema uongo.

Mimi: Kumbe ulimnunua?

Pagazi: Sikumnunua.

Mimi: Sasa?

Pagazi: Sindano, wewe ni mtu wa kushona. Hujui mambo mengine. Alipokufa mume wa Zaina, nani aliingia kaburini?

Sote tulikuwapo.

Pagazi: Mimi. Niliingia, nikajilaza chali, nikasema marehemu asubiri, mimi nimefika kwanza, na sitoki humu mpaka nipewe jogoo. Watu wakacheka huku machozi yanawatoka. Habari zikafika ndani kwa wanawake. Zaina alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu juzi yake, anakodoa macho tu ukutani. Aliposikia akacheka. Akasema, mwambieni pagazi atoke, au mmfukie humo humo tupate nafasi ya kupumua. Kisha akaomba uji. Nani mwingine angempa uji ule? Shehe? Daktari?

Reli: Hiyo kweli.

Pagazi: Nikitia dole penye UONGO, nimekiri nini? Nimekiri kuwa nilimsingizia mtoto wa watu mbele ya serikali. Mtani hasingizii. Mtani hashtakiwi, na mtani haapi. Utani ukishapelekwa ofisini ukapigwa muhuri kuwa ni uongo, umekwisha. Hauamki tena. Babu aliyaacha hayo, na baba akayaacha.

Sasa nilielewa, na kuelewa huko hakukunifurahisha. Ningependa zaidi awe mkaidi tu.

Mahakama: Basi tuandike maelezo ya ziada. Hatukuchora kitu kwenye fomu, tunaambatanisha. Sindano, shika kalamu, mimi nasema: "Kwa kuwa mimi Majaliwa, ambaye hapa chini nitaitwa Mnenaji, nikiwa na akili timamu isipokuwa siku ile, nilinena maneno ambayo hayakuwa kweli lakini bila kuwa uongo, wala hayakuwa uongo kwa namna ya kukosa ukweli..."

Reli: Ongeza habari ya maharage.

Mahakama: "...na kwa kuwa maharage ni mbegu..."

Reli: Na yule wa wake wawili.

Mahakama: Huyo tunamweka mwisho, kama tishio. Halafu tunafunga kwa methali. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, kwa hiyo tunaomba wakimbizwe nyasini.

Mimi: Imefika saa tatu na nusu.

Mahakama: Haraka haraka haina baraka.

Mimi: Tunazungumzia mbio, Mahakama! Mashindano ya mbio!

Mahakama: Ndiyo nikasema.

Rehani, aliyekuwa akipuliza makaa, akasema bila kuinua kichwa, "Mwenyewe anakuja." Tukageuka. Zaina alikuwa anavuka kutoka upande wa posta, kanga ameifunga kichwani, kikapu kitupu mkononi. Mahakama akaikalia ile barua ya maelezo ya ziada.

Zaina: Shikamooni.

Sisi watatu: Marahaba.

Kisha akamgeukia Majaliwa. Kwa umri wake alistahili kumwamkia Majaliwa kama alivyotuamkia sisi, lakini tangu nimjue Zaina hajapata kumpa shikamoo hata ya kuazima.

Zaina: Na wewe pagazi, mzigo wa watu umeutupa wapi leo, unakaa kwenye kivuli kama bwana harusi?

Majaliwa huwa hakawii. Siku hiyo alikawia kidogo.

Pagazi: Mzigo ni wewe. Nilikutua hapo posta, nashangaa umekuja kwa miguu yako mwenyewe. Mzaramo kutembea asubuhi bila ngoma!

Zaina: Ngoma ningepiga mgongoni kwako, ila imekauka ngozi.

Tukacheka. Hata mimi nilicheka, kwa dakika ile tu. Zaina hakukaa, aliweka kikapu chini, akaitazama fomu iliyokuwa juu ya benchi. Hajui kusoma, lakini alijua vile vyumba viwili ni nini, kwa kuwa mimi ndiye niliyemsomea jana yake.

Zaina: Vyumba bado vitupu.

Reli: Tunavishughulikia, dada. Kuna jambo la maharage hapa.

Zaina: Utingo wa lori kaniletea salamu za Muhidini. Wenzake wanamwita Gunia. Anaingia chumba cha kulia, wanagonga sahani, gunia, gunia. Ameshafunga sanduku lake. Amesema asipokimbia Jumamosi harudi darasani. Atakwenda kukata mkonge.

Hilo la mkonge lilimwingia kila mtu. Muhidini alikuwa amebakiza miezi mitano awe mwalimu. Katika watoto wanne wa Zaina, ndiye aliyebaki.

Mimi: Pagazi, umesikia.

Zaina: Mwache, kaka Mrisho. Sikuja kumwomba. Mzaramo hamwombi mtani wake kitu, humnyang'anya. Nami hiki siwezi kumnyang'anya. Na hata mimi nilikuwapo. Nami nilisema kweli, nikatia na fukusi.

Akamgeukia Reli, kwa kuwa Reli ndiye mjuzi wa mambo ya Dar.

Zaina: Hiyo maili wanaikimbia kwa muda gani?

Reli: Mtu hodari, dakika tano hazifiki.

Zaina: Dakika tano.

Reli: Hazifiki.

Zaina: Nilidhani ni kutwa nzima.

Alichezea mkono wa kikapu chake, akalitazama lori kule posta, ambapo utingo alikuwa anafunga turubai. Nilitaka mtu aseme neno la maana. Mahakama alikohoa akafungua mdomo, nikamkanyaga mguu.

Pagazi: Sindano.

Mimi: Naam.

Pagazi: Chumba chenyewe kipi?

Mimi: Hiki cha kulia.

Pagazi: Lete wino.

Mimi: Una hakika?

Pagazi: Nimekuambia lete wino, usinihoji kama Mzungu.

Nikachovya kitambaa katika kidau, nikampaka doleni. Nikaushika mkono wake kwa juu, tukalibandika pamoja. Dole likatoka safi, duara zote zinaonekana, limejaza chumba cha UONGO mpaka likagusa mstari. Chini yake nikaandika jina lake na jina la Muhidini. Fomu nzima ilichukua muda mfupi kuliko kunywa kikombe cha kahawa, na hapo nikaamini kuwa kweli kanuni zilikuwa zimerahisishwa.

Niseme mapema msije mkakaa roho juu: fomu ilifika. Bwana Filimbi aliipokea kwa furaha, akalirudisha jina kwa wino mweusi, akaandika pembeni "limefafanuliwa." Jumamosi Muhidini alikimbia Dar es Salaam na akawa wa tatu. Aliyeshinda hakuwa na wake wawili. Alikuwa mtoto wa miaka kumi na tisa mwenye miguu myembamba. Nairobi Muhidini hakwenda, lakini sanduku alilifungua, na leo anafundisha.

Ila hayo yalikuwa bado. Alhamisi ile, Majaliwa alijifuta wino kwenye msuli aliojifunga, akaikunja fomu mara mbili kwa uangalifu ambao hatukuujua kwake. Akasimama. Akampa Zaina kwa mikono miwili.

Pagazi: Haya, Bi Zaina. Wahi lori. Msalimie kijana.

Bi Zaina. Miaka yote ile alimwita mzigo, mvivu, kizee cha pwani, mke wangu wa mkopo. Zaina aliipokea karatasi na hakuondoka. Alimkazia macho kwa muda, akingoja neno lingine lifuate, tusi hata dogo. Halikuja. Lori likapiga honi.

Zaina: Na wewe sasa nikuamkie?

Mahakama akatazama ndani ya kikombe chake. Reli, aliyekuwa na habari za dunia nzima, akaanza kutafuta kitu mfukoni ambacho nadhani hakikuwamo. Rehani aliinamisha dele juu ya kikombe cha Majaliwa, yakatoka mashapo. Mimi nilichukua kofia niliyokuwa naishona, nikatoboa tundu pasipostahili.

Honi ikalia mara ya pili. Zaina akaokota kikapu chake. Akavuta kanga vizuri kichwani, akainamisha shingo kama mtu anayepita mbele ya wakwe.

Zaina: Shikamoo, mzee Majaliwa.

Majaliwa akafungua mdomo. Akajaribu tena. Zaina alikuwa ameshafika posta, utingo ameshapokea karatasi, lori limeshawaka, na ile marahaba ilikuwa bado haijatoka.